Nusu Alama

Mwalimu alikuwa amelalia meza yake, shavu juu ya kitabu cha mazoezi ya Kiingereza, kama mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya kusahihisha. Damu ilikuwa imeganda kisogoni. Chini, karibu na mguu wa kiti, ilikuwapo mashine ya chuma ya kutoboa karatasi, ile nzito ya ofisini, na kwenye kona yake nywele mbili tatu zilikuwa zimenasa.

Inspekta alisimama mlangoni akaitazama ofisi ile kwa hasira. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, zaidi ya nusu ya umri wake amevaa sare, na bado kila maiti ilimuudhi kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kuta zilijaa picha za vijana wanaocheka, kila mmoja ameshika karatasi ya matokeo. Juu yao bango: SISI TUNAKUPA SABA, CHUO KINAKUPA NAFASI. Bila alama saba kati ya tisa katika mtihani wa Kiingereza, chuo kikuu cha nchi za nje hakifungui hata bahasha yako.

Nyuma yake alikuja koplo, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa zamu ya kaunta siku iliyotangulia.

"Afadhali maiti, Afande. Jana kaunta kaja mtu kushtaki blauzi. Blauzi!"

"Vaa glavu," Inspekta alimjibu. Hakuwa amemsikiliza hata kidogo.

Daktari wa uchunguzi alisema marehemu alikufa jana yake jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Pigo moja tu. Aliyempiga alikuwa amesimama nyuma yake, na marehemu hakujikinga, maana yake hakumwogopa, au hakumhesabu kuwa mtu.

Chini ya kiwiko cha maiti palikuwa na karatasi ya matokeo, imekunjwakunjwa. Inspekta aliinyoosha kwa koleo ndogo. Picha ya binti mmoja mwembamba. Alama: sita na nusu. Na kuzunguka kola ya blauzi aliyovaa, mtu alikuwa amechora duara la buluu.

Koplo aliinama kutazama, akanyamaza. Hilo lenyewe lilikuwa tukio.

Inspekta aligusa duara kwa ncha ya glavu. Ukingo wake ulifutika kidogo. Chaki. Akamwita mama mfagiaji, ambaye ndiye aliyeukuta mwili asubuhi, akamwuliza madarasa yale wanaandikia nini.

"Kalamu za wino, Afande. Chaki tuliiacha zamani, vumbi lake linaua kompyuta."

"Na huyu wa kwenye picha?"

"Huyo ni Nusu."

"Nusu nani?"

"Nusu tu. Kila akifanya mtihani anakosa nusu alama. Mara nne sasa. Wenzake ndio waliompa hilo jina." Mama mfagiaji alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Lakini ndiye anayefundisha hapa. Mwalimu, tulimwita Profesa, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa ofisini. Alimwambia asubiri, kufundisha ndiyo mazoezi yenyewe. Wote hao ukutani ni watoto wa Nusu."

Inspekta alihesabu picha. Arobaini na moja. Amewavusha watu arobaini na mmoja, na yeye yuko ng'ambo ileile. Hilo halikumwingia akilini.

Kabla ya adhuhuri, mtaalamu wa kompyuta wa polisi alikuwa ameifungua barua pepe ya kituo cha mafunzo. Wanafunzi wote walisajiliwa mtihani kwa anwani hiyo moja, na neno la siri alilijua Profesa peke yake. Matokeo yalimfikia yeye, naye ndiye aliyeyachapisha na kuwagawia wenyewe. Inspekta alitafuta jina la binti. Yalitoka majibu manne, akayasoma akiwa amesimama.

Nane. Nane. Nane. Nane na nusu.

Alikwenda dirishani akashika vyuma kwa mikono miwili. Miaka miwili na miezi kadhaa tangu jibu la kwanza! Punda wa dobi anajua walau kwamba amebebeshwa. Aliona hasira ikimpanda kifuani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu ambaye angetaka kumtia pingu kwa mikono yake mwenyewe alikuwa tayari amelala chini ya shuka jeupe.

"Basi kesi imekwisha," koplo alisema haraka. "Binti kagundua, kamuua. Tukamlete."

"Mlete," Inspekta alisema. "Yaliyobaki niachie mimi."

Binti aliingia chumba cha mahojiano akiwa na daftari kifuani. Alisema alimaliza kipindi saa kumi, akaenda maktaba, na saa mbili alikuwa nyumbani kwa mjomba wake. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Mjomba ndiye baba, ndiye mama. Alijibu kila swali kwa adabu, macho mezani.

"Mtihani wa mwisho ulipata ngapi?"

"Sita na nusu." Aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Una hakika?"

"Karatasi niliipokea mwenyewe, Afande. Nilitaka mtihani wa tano nijaribu tena kwa nguvu. Mwisho wa kupokea maombi chuoni ni Ijumaa hii, kwa hiyo ni mpaka mwakani."

Inspekta alimtazama. Hajui. Na asiyejua ameibiwa hamvizii mwizi. Akaitoa ile karatasi yenye duara, ikiwa ndani ya mfuko wa vielelezo, akaisogeza mbele. Binti aliitazama kola yake iliyozungushiwa buluu. Akaugeuza mfuko kifudifudi.

"Nimemuua mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilichoka kufeli."

"Ulimpiga na nini?"

"Na... kiti."

"Mwanangu," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia, "usinidanganye leo. Leo nimeshadanganywa vya kutosha. Nani kwenu anatumia chaki ya buluu?"

Binti alifunika uso.

Ndipo Inspekta alipompangia mezani karatasi nne alizozitoa kwenye kompyuta. Binti alizisoma kimwalimu, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alipofika mwisho alizirudisha.

"Huyu si mimi."

"Tazama picha."

Alitazama. Picha hupigwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, siku ya mtihani. Picha nne, blauzi nne. Ya mwisho ilikuwa ya kijani, kola imesimama. Binti aliishika karatasi ile ya nne kwa mikono miwili, akalia kwa ghadhabu, meno yameumana.

Duka la fundi cherehani lilikuwa chumba kimoja, mlango ukitazama barabara. Mjomba alikuwa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, miwani imefungwa kwa uzi. Mezani kulikuwa na vipande vya chaki ya buluu. Alikuwa anashona blauzi nyeupe, na ilibakia mkono mmoja.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Nilitaka niumalize huu mkono tu."

Inspekta alimwacha aumalize. Sheria haikumwambia afanye hivyo. Koplo alibaki nje, mgongo umeegemea nguzo, akijifanya anaangalia magari.

Kituoni, kabla hajaonywa kwamba lolote atakalosema litatumika mahakamani, mzee aliomba jambo moja.

"Niambie kwanza alipata ngapi. Kisha nitakwambia yote."

"Nane. Mara tatu. Ya mwisho nane na nusu."

"Na walitaka ngapi?"

"Saba."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Aliuliza kama nane ni nyingi kuliko wote wa ukutani. Inspekta akamwambia hakuna hata mmoja wao aliyeifikia. Basi akaeleza, na koplo akaandika maelezo.

Kila mtihani alimshonea binti blauzi mpya, asiende mbele ya watu kama yatima. Ya kwanza ilikuwa na kola ya mviringo. Nayo ilipombana aliifumua mwenyewe, akatilia viraka foronya yake. Karatasi za matokeo binti alikuwa akizificha kwa aibu. Jana mchana mjomba alifungua begi la binti akitafuta kivuli cha kitambulisho cha kusajilia mtihani wa tano, akazikuta zote. Akazitandaza kwenye meza ya kukatia.

"Karatasi nne, blauzi moja," alisema. "Ileile ya kola ya mviringo. Kiingereza sijui, Afande, lakini mshono wangu naujua. Blauzi ambayo nimeilalia kichwa miaka miwili, itapigwaje picha mwezi uliopita?"

"Ukaenda kwa mwalimu."

"Nikaenda. Nikamwonyesha. Sikwenda kugombana. Nilitaka namba tu, ile ya kweli. Nikamwuliza, mtoto kapata ngapi? Akacheka. Akasema, 'Hata nikikutajia, utaielewa wapi wewe na sindano zako? Huyu akiondoka nani atafundisha?' Halafu akanigeuzia mgongo, akaendelea kusahihisha. Kama nimeshatoka." Mzee alitazama viganja vyake. "Kile chuma kilikuwa hapo."

Inspekta alipiga meza. Alikuwa na hasira na marehemu, na mzee huyu, na binti atakayepanda ndege bila mtu wa kumuaga. Karatasi ya kweli yeye na binti walikuwa wameshaituma chuoni, wakisimama wote wawili mbele ya kompyuta ya kituo cha polisi. Ijumaa ilikuwa bado. Lakini huyu hapa, mtu mzima, mwenye akili ya kuona alichoshindwa kukiona kila mtu, amejitia kitanzi kwa swali la namba moja.

"Ulikuwa na ushahidi mkononi," alisema. "Umeuchorea na duara. Kwa nini hukuja polisi?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilikuja. Nilikuja hapa kwanza, saa tisa. Niliyemkuta kaunta akacheka sana. Akaniambia polisi hawapokei kesi za blauzi, nikamalizane na mwalimu wangu."

Kalamu ilisimama. Mzee hakumnyooshea mtu kidole. Labda kwa adabu, au labda kwa macho yale mabovu hakuwa amemtambua. Koplo alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa na karatasi, na masikio yake yalikuwa yamelowa jasho.

Inspekta aliyakumbuka maneno ya asubuhi, mlangoni, aliyoyapitisha sikio hili yakatokea lile. Angemsikiliza koplo, angemjua mzee huyu kabla ya kumtoa binti machozi. Na kaunta ingemsikiliza, pasingekuwa na maiti.

"Andika, koplo," alisema.

Koplo hakuinua kichwa.

"Andika alivyosema. Saa tisa, kaunta, na aliyekuwa zamu. Jina lake unalijua. Andika lote."