Kinywa cha Saruji

Maji ya vinywa vingine yalitoka baridi. Ya kinywa kile yalikuwa vuguvugu kama mate. Fundi bomba aliyakinga kiganjani, akayanusa, akapata harufu ya nywele zilizoungua. Akajifuta kwenye suruali na kujiambia kwamba ni jua kali tu.

Chemchemi ile ya bustanini mji uliijenga kumkumbuka mzee aliyezunguka maisha yake yote akikusanya ngano. Vichwa vya mawe vilivyoizunguka vilitoka katika ngano zake: sungura, fisi, zimwi, na wa mwisho jini mwanamke, ambaye kinywa chake kilikuwa kimezibwa kwa saruji. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Lakini fundi bomba akiona tundu limeziba, mikono humwasha. Huyu aliwatukana kimoyomoyo mafundi waliomtangulia, akachukua patasi, akazibua.

Jioni alipofika nyumbani hakupokewa na kelele. Binti yake, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa kuwa hata usingizini aliongea, alikaa kitandani akifumbua kinywa na kukifumba bila sauti kutoka. Mkewe alisema ameanza hivyo mchana, jua likiwa utosini. Daktari alimmulika koo, hakuona kitu. Fundi akakumbuka kwamba wakati huohuo ndipo alipofungulia maji.

Kulipokucha alitoka mbio. Kabla hajafika bustanini alimsikia Kasuku akicheka, akiimba, akimwita, na kadiri alivyokaribia ndivyo ile harufu ilivyozidi na sauti ilivyopanda, mpaka akajikuta amepiga magoti majini mbele ya kinywa cha jiwe, akikitia vidole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba wa samaki kooni, na maji yakimtiririka mikononi huku yakisema baba, baba, baba.

"Usizibe kwanza," mtu alimnong'oneza nyuma yake.

Alikuwa bibi kizee, mjukuu wa yule mzee wa ngano. Alimweleza kwamba ngano zote babu yake alipewa na watu, isipokuwa moja, aliyosimuliwa na jini mwenyewe, naye akailipia kwa sauti ya binti yake. Chemchemi ilipofunguliwa mara ya kwanza, sauti ile ilitokea hapa. Watu wakaingiwa na hofu, wakaziba.

"Binti huyo ndiye mama yangu," alisema. "Tulimzika bubu. Sauti yake imo humo mpaka leo."

"Sasa wangu nitamtoaje, bibi?"

"Mpe nyingine. Jini huyu hapendi kukaa kimya."

Fundi hakusita, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliweka mdomo wake juu ya ule wa jiwe, akaita jina la mwanawe mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akaziba kwa saruji na kuikandamiza kwa kiganja hadi ikashika.

Akiwa bado uani kwake alimsikia Kasuku ndani akimmiminia mama yake maneno. Akacheka machozi yakimtoka, kicheko kisicho na sauti. Bei aliijua, na aliikubali.

Ila alikuwa ameziba kinywa tu. Bomba linalolisha chemchemi ndilo linalolisha kila nyumba mjini, na jambo hilo, kuliko mtu yeyote, fundi bomba alipaswa kulikumbuka.

"Baba, umerudi?" Kasuku aliita.

"Nimerudi, mwanangu," sauti ya fundi ilijibu kutoka bafuni. "Niko huku. Njoo."

Fundi alipiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia, na ndani vinyayo vidogo vikaanza kukimbia.