Moto wa Kijani

Kwa miezi minne, kazi ya kwanza ya Razan baada ya sala ya alfajiri ilikuwa kumpelekea maji bata mzinga. Bata huyo aliletwa kwa boti kutoka Mokowe akiwa bado mdogo, miguu imefungwa kamba, na tangu siku hiyo akaishi uani kama mwenye nyumba. Alinenepa, shingo ikawa nyekundu yenye mikunjo, na alipotoa sauti yake ya gulugulu hata punda wa jirani walisimamisha masikio. Watoto wa mtaa walimwita Bwana Mkubwa.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Razan alichukua kopo la maji kwa mazoea, akashuka mpaka uani, na hapo ndipo alipokumbuka. Bwana Mkubwa alikuwa amechinjwa jana. Ua ulikuwa kimya mno. Aliumwagia maji yale mti wa mkilua wa Bibi, kisha akapanda ngazi haraka bila kutazama nyuma, ingawa hakujua kwa nini ana haraka.

Bata yule alikuwa wa Ammar, mdogo wake wa miaka mitano. Ammar alikuwa ameugua homa ya matumbo hata akalazwa hospitali, na aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Uji alikataa, samaki alikataa. Alisema jambo moja tu: "Nitamla Bwana Mkubwa siku ya Idi." Bibi Swafiya, mama wa baba yao, akamwahidi. Daktari naye alikuwa ameonya kwamba tumbo la mtoto bado ni dhaifu, na kila anachokula lazima kiwe safi na kimeiva vizuri.

Kazi ya kumbanika bata ilikuwa ya Ami Idarus, mdogo wa baba yao, mpishi katika hoteli moja ndogo ya wageni kule Kiwayu. Huko alijifunza kubanika nyama kwa moshi kutwa nzima hadi ikalainika yenyewe. Usiku kucha bata alikuwa amelowekwa katika maji ya chumvi, ndimu na pilipili manga. Sasa alilala juu ya wavu ndani ya pipa la chuma, kwenye jiko la juu darini, yaani juu ya paa, lile ambalo watu wa Amu, mji wa Lamu, huliita kidari cha meko. Chini yake vipande vya mwembe na vifuu vya nazi vilitoa moshi mweupe, mwembamba.

"Sikiliza, Razan," Ami Idarus alisema. "Moto mdogo, moshi mdogo, subira nyingi. Kila ukiona moshi unafifia, tia kipande kimoja cha mwembe na vifuu viwili. Usiondoke hapa. Mimi nina shughuli ng'ambo, nitarudi alasiri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Ami. Mimi si mtoto."

"Hilo tutaliona," akasema, akashuka.

Kwa saa tatu Razan alifanya kazi kama alivyoagizwa, na lazima tumpe haki yake. Alitia mwembe, akatia vifuu, akafunika pipa. Harufu ilikuwa tamu, na mtu aliyefunga huisikia harufu mara mbili. Paka saba wa mtaani walikuja wakajipanga juu ya ukuta, macho yote kwenye pipa. Nao walikuwa na subira.

Ukuta huo mfupi ulitenganisha dari yao na gofu la marehemu Fundi Hamdu, aliyekuwa fundi wa mashua. Fundi Hamdu alifariki kabla Razan hajazaliwa, na wanawe walihamia mbali. Nusu ya dari ya nyumba ile ilikuwa imeanguka. Katika pembe iliyobaki palikuwa na mbao kuukuu za mashua, zimerundikwa vilevile alivyoziacha mwenyewe. Watoto walikatazwa kuingia, na wala hawakuhitaji kukatazwa sana. Wenzao wakubwa walishawaambia kwamba fundi bado anagonga misumari mle ndani.

Kabla ya adhuhuri, sauti ikaita kutoka uchochoroni. Alikuwa Fairuz, rafiki yake wa shuleni.

"Razan! Dada Rawiya anapaka hina! Kuna watu wengi, lakini amesema ukija sasa atakutanguliza. Ukichelewa basi, utaenda Idi na mikono mitupu."

Razan alitazama pipa, akatazama viganja vyake. Robo saa tu, alijiambia. Akatia vipande vitatu badala ya kimoja, akashuka kwa vidole vya miguu. Mama yake alikuwa ukumbini, cherehani inalia, akimalizia kanzu za watu. Bibi alikuwa chumbani na Ammar. Hakuna aliyemwona.

Robo saa ya hina haijawahi kuwa robo saa. Razan aliporudi darini, adhuhuri ilikuwa imeshapita zamani. Mikono yote miwili ilikuwa imepakwa maua mpaka vifundoni, hina bado mbichi. Aligusa pipa kwa kiwiko. Lilikuwa baridi.

Alijaribu kuwasha upya, lakini vipande vya mwembe ni vizito, havishiki moto upesi. Vilitoa cheche, vikazima. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Jua lilikuwa linapinda kuelekea alasiri, na Ami Idarus angefika wakati wowote. Alihitaji kuni kavu, tena sasa hivi.

Alitazama upande wa pili wa ukuta.

Alikwangua hina ya mkono wa kulia kwa pindo la leso, akapanda ukuta, akashukia kwenye gofu. Ndani mlikuwa na ubaridi. Alivuta mbao mbili fupi zilizokuwa na rangi nyekundu iliyobanduka. Alipozishika tu, akasikia: ko, ko, ko.

Alirudi kwao kwa kuruka, goti limechubuka. Mbao zilishika moto mara moja. Lakini moto wenyewe haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijani, kijani cha majani mabichi, na ndimi zake zililamba wavu kimya kimya. Moshi ukawa mzito, wenye harufu kali iliyomkwaruza kooni.

Paka wa kwanza aliinuka, akajinyoosha, akaondoka. Kisha wa pili. Kisha wote. Razan aliwatazama wakipotea mmoja mmoja nyuma ya ukuta. Paka wa Amu kukimbia nyama! Jambo hilo hajapata kuliona tangu azaliwe.

Ko, ko, ko, gofu likaita.

Ustadhi wa madrasa alikuwa amewafundisha kwamba katika Ramadhani mashetani hufungwa minyororo. Razan alilishika fundisho hilo kama kamba. Wamefungwa, alijiambia. Wamefungwa wote. Halafu likamjia wazo baya zaidi: kama mashetani wamefungwa, basi huyu anayegonga ni nani?

Hatua zikasikika ngazini. Razan karibu apige ukelele, lakini alikuwa Bibi Swafiya, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Bibi alizungumza Kiamu cha asili, na walimu wa shule walishachoka kumsahihishia mjukuu wake maneno aliyoyachukua kwake.

"Yeo moshi huu una nini? Umenifikia mpaka chumbani."

"Ni vifuu, Bibi. Vilikuwa na unyevu."

"Na hina hiyo?"

"Rawiya... Rawiya alikuja kunipaka hapa hapa."

Bibi aligeukia ukuta mtupu. "Na paka wameenda wapi?"

"Sijui, Bibi."

Bibi alishuka polepole. Razan alibaki na uwongo wake, tena wa kinywa kilichofunga. Jua la alasiri lilikuwa kali, ukuta mweupe uling'aa, mchana kweupe, na bado vidole vyake vilikuwa baridi. Ko, ko, ko. Aliziba masikio. Alipoyazibua, akasikia kitu kingine kutoka uani, kule chini kulikokuwa kutupu: gulugulu. Labda ilikuwa mafuta yakichemka ndani ya pipa. Labda. Hakuthubutu kuchungulia.

Alikuwa amekaa hivyo, magoti yamekumbatiwa, Ami Idarus aliporudi. Ami alifunua pipa. Bata alikuwa ameiva rangi ya kahawia, anang'aa kama mlango uliopakwa mafuta.

"Mashaallah! Mpishi umekuwa!" Ami alicheka. "Mama! Njooni mwone!"

Bibi akapanda tena, safari hii amemshika Ammar mkono. Mtoto alikuwa amevaa kofia mpya ya Idi kabla ya siku yake, nayo ilimshukia mpaka kwenye nyusi kwa jinsi alivyokonda.

"Sisi tumefunga," alisema Ami. "Nani ataonja chumvi?"

Kila nyumba ya Waislamu inajua jibu la swali hilo. Anayeonja ni mtoto asiyefunga. Ammar alisogea mbele kwa fahari. Ami Idarus akachana kipande cha paja, akakipuliza, akainama. Ammar akafumba macho na kufungua kinywa, kama kinda.

Razan alikiona kipande kile, na juu yake utando mweusi wa moshi. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Alijua pia kwamba akisema, Idi ya Ammar imekwisha. Ko, ko, ko.

"Usimpe!" alipiga kelele. "Ami, usimpe!"

Mkono wa Ami ukasimama hewani. Razan alilia, na katika kilio hicho yote yakatoka: hina, pipa baridi, ukuta, mbao, moto wa kijani, paka, na uwongo aliomwambia Bibi.

Ami Idarus alitupa kipande kile, akamfuta Ammar midomo ingawa hakikumgusa, kisha akachokora majivu kwa kijiti. Akatoa kibanzi cha ubao ambacho hakikuungua, chenye rangi nyekundu.

"Hii ni rangi inayopakwa tumbo la mashua," alisema kwa hasira. "Imetiwa sumu ili wadudu wa baharini wasile ubao. Ndani yake mna madini ya shaba, na shaba ikiungua hutoa moto wa kijani. Moshi wake wote umeingia katika nyama hii. Na hata bila sumu, nyama iliyokaa nusu mbichi kwenye moto uliozimika humharibia tumbo hata mtu mzima. Sembuse huyu!"

Ammar alitazama huku na huku. "Kwani sili?"

"Razan," alisema Bibi, "mjibu ndugu yako wewe mwenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Razan alipiga magoti, akamwambia. Ammar hakupiga kelele. Alivua kofia yake mpya, akaishika mkononi, machozi yakamdondoka kimya kimya. Afadhali angempiga.

Bata alifukiwa chini kabisa, na mawe juu yake. "Hata paka asimle," Bibi aliamuru. Razan ndiye aliyechimba.

Jioni ile, watu wa Amu walitoka kuutafuta mwezi. Mawingu yalikuwa yametanda. Habari ikapita mitaani kwamba mwezi haukuonekana, kesho ni kufunga tena. Watoto walinuna, na mafundi cherehani wakashukuru. Lakini hakuna aliyepokea habari hiyo kama Razan. Alimfuata Bibi, akasimama mlangoni.

"Bibi, nimepata siku moja. Nipe kazi."

Bibi alifikiri. Alikuwa na kuku wawili wa mayai aliowapenda. "Wachukue wale," alisema hatimaye. "Lakini kesho hapana robo saa."

Siku ya thelathini, Razan hakubanduka penye pipa, kuku wawili juu ya wavu. Alitia mwembe, akatia vifuu. Fairuz aliita kutoka chini, naye akamjibu kutoka juu. Moshi ulikuwa mweupe, mwembamba. Paka walirudi ukutani, wote saba. Bibi akaja kukaa karibu naye na tasbihi yake, na upepo ulipovuma, gofu likaita: ko, ko, ko. Razan akashtuka.

"Unasikia, Bibi?"

"Lile ni dirisha la marehemu Hamdu. Bawaba imeng'oka. Lagonga tangu hujazaliwa."

"Mbona sikuwahi kulisikia?"

"Ndoo hapa, mwanangu, sogea." Bibi alimshika ule mkono wa kulia, ambao maua yake yalikuwa yameharibika na kubaki madoa tu. "Ulikuwa ukilisikia kila siku. Jana ndipo ulipoliogopa. Mashetani wamefungwa, ustadhi hakukudanganya. Kilichokufukuza ni moyo wako, na huo haufungwi mwezi wowote. Moto kuzimika si aibu, hata mimi umenizimikia mara nyingi. Ungeshuka ukaniambia, tungeuwasha pamoja. Lakini uliuficha, ukachukua kisicho chako, ukaniongopea mara mbili, na mwisho ukakaribia kumlisha ndugu yako sumu. Ndia ya mwongo ni fupi. Mshukuru Mungu yako iliishia kabla ya kinywa cha Ammar."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Na marehemu tutamsomea Fatiha kwa mbao zake. Haya, mwite mwonjaji, alasiri imefika."

Ammar alikuja, kofia nyusini. Razan mwenyewe alichana kipande, akakitazama kila upande, akakipuliza, akampa. Ammar alitafuna muda mrefu, watu wote wakimwangalia mdomo. Akameza. Akaomba kingine, na kingine tena, na Bibi akageuza uso akajifuta machozi kwa buibui.

"Chumvi imekolea," Ammar alisema, akilamba kidole. "Lakini Bwana Mkubwa angekuwa mtamu zaidi."