Akina Mosquera Wote wa Cali

Mchana wa joto, katika msongamano wa soko la Alameda mjini Cali, mikono miwili ilishika gilasi moja ya lulada, kinywaji baridi cha matunda.

"Hii yangu, kaka."

"Basi niachie hata mrija, dada."

Marleny akacheka. Alivaa gauni la njano na viatu vya kuchezea salsa. Edilson, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Wiki hiyohiyo Edilson akajiandikisha katika shule ya dansi ambako Marleny alitunza kumbukumbu kwenye kompyuta. Walicheza mwezi mzima, wakipigiana simu kila asubuhi.

Siku moja kabla ya sherehe ya shule, Marleny aliunganisha jedwali la wanafunzi na jedwali la wenzi wao, ili watu waalikwe wawili wawili. Maagizo aliyoiandikia kompyuta yalifika mistari ishirini. Jibu likaja: Edilson Mosquera, mke wake Nubia Mosquera.

Akapiga simu.

"Msalimie mkeo."

"Mke gani, kipenzi?"

"Usiniite kipenzi! Kompyuta haisemi uongo." Akakata.

Edilson, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda programu, alifika shuleni na pandebono za moto, vimkate vya jibini. Hakujitetea. Alivuta kiti.

"Majedwali umeyaunganisha kwa kitu gani?"

"Kwa jina la ukoo."

"Mama yangu! Mosquera, Cali hii? Basi hata padri wetu, naye Mosquera, ni mke wangu."

Marleny aliuma mdomo asicheke. "Thibitisha."

Edilson akaweka programu ndogo. "Hii unaieleza mara moja tu: mwanafunzi ana mwenzi, wanafungamana kwa namba, si kwa jina. Mistari ya kuunganisha, programu itaiandika yenyewe. Wewe uliza kama unavyoongea."

Marleny akaandika mstari mmoja: edilson, nukta, mwenzi.

Jibu likaja: Hakuna.

Akaiuliza kompyuta kuhusu Nubia. Mume wake alikuwa mwanafunzi mwingine, Aldemar Mosquera, mpiga ngoma.

"Kweli haisemi uongo," Marleny alisema polepole. "Mimi ndiye niliyeiuliza vibaya. Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Ila hiyo 'hakuna' inaniuma. Namba yako humu ni ngapi?"

"Kumi na nne. Ya nini?"

Edilson aliiandika kwenye nafasi yake tupu ya mwenzi, kidole kikingoja juu ya kitufe cha kuhifadhi. "Nibonyeze?"

"Kwa sherehe ya kesho tu?"

"Jedwali hili halina tarehe ya mwisho, kipenzi."

Marleny akaweka kidole chake juu ya kile cha Edilson, akabonyeza.