Joto Nyuma ya Vumbi

"Kijana gani anakataa mkono wa mtu mzima?" Jecinta alimfokea bintiye huku akifunga gunia la viazi. "Jana nilimnyooshea mkono, yeye anaangalia mlango. Huyo ako na madharau, Waceke. Hapa asirudi."

Waceke aliinamia laptop yake kwenye kaunta ya duka lao la Kapsoit. Msichana anasomea nyota chuoni, na likizo amekuja na kazi yake. Simu ikalia. Alikuwa Kipyegon, mpenzi wake, mkulima wa chai, mpole mpaka anakera.

"Ulimfanyia mum nini jana?"

"Nilimpa heshima."

"Heshima gani hiyo? Anataka tuachane."

Kipyegon akakohoa. Wanaume wengine, hata nyumba ikiungua watakohoa tu.

"Kama ni hivyo, sawa," akasema polepole, akakata.

Waceke akalia. Kumpenda mtu asiyejitetea ni kazi, jamani.

Mama alimletea kikombe cha chai, akachungulia laptop. "Sasa unalilia picha nyeusi?"

"Hii ni ya darubini ya kawaida, mum. Haioni kitu, vumbi imefunika." Akafungua nyingine. "Hii imepigwa kwa infraredi, inashika joto."

Katikati ya giza palikuwa na doa linalong'aa.

"Hiyo ni nini?"

"Nyota imelipuka, galaksi ya jirani. Moto wote huo, na sisi tungesema hakuna kitu."

Mama akalitazama doa. Kabla hajasema neno, ujumbe wa Kipyegon ukaingia. Waceke akausoma kwa sauti:

"Mwambie mama pole. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Nilisahau sijaleta wazee wa posa. Kwa roho yangu ashakuwa mama mkwe kitambo."

Jecinta akakaa juu ya gunia.

"Ngai. Amenifanya mama mkwe bila hata mbuzi mmoja?" Alicheka, kisha akajifuta macho kwa leso. "Na mimi nimemtukana. Mpigie. Mwambie aje sasa."

"Na wazee?"

"Wazee watakuja Jumamosi. Leo aje anywe chai."

Kipyegon alifika na viatu vya shambani, akasimama mlangoni, macho chini.

"Habari yako, mama."

Mkono wa Jecinta ulishaanza kunyooka. Mama wa watu akakumbuka njiani, akaurudisha, akauficha ndani ya leso pamoja na ule mwingine.

"Mzuri," akasema. "Ingia, mkwe wangu."