Picha za Mama Adyero

Odoch alikuwa polisi. Yeye, mkewe Alum na binti yao Akwero waliishi Luzira, bondeni, karibu na reli ya Port Bell. Asubuhi Odoch alipiga pasi sare yake. Alum alikaanga chapati za kuuza.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati. Polisi huhamishwa wakati wowote. Kwa hiyo kila kitu cha maana kilikaa humo: shuka mpya, sufuria nzuri, nguo za sikukuu. Amri ikija, unabeba sanduku, unaondoka.

Humo pia zilikaa picha za marehemu Mama Adyero, mama yake Odoch. Zilikuwa ndani ya simu ya zamani. Odoch alizinakili kwenye flashi pia. Kisha akafunga simu na flashi kwa kitambaa kimoja.

"Akiba haiozi," alisema.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Picha za baba yake ziliungua vitani, kule kaskazini. Akwero hajui sura ya babu yake.

Novemba mvua kubwa ilinyesha. Maji yaliingia nyumbani, yakajaa sandukuni. Simu haikuwaka tena. Misa ya kumbukumbu ya Mama Adyero ilikuwa karibu, na picha yake ilitakiwa kanisani.

Alum alimwita jirani yao Moreen Nangila, Mkenya aliyekuwa na studio ya picha Kyambogo.

"Afande, usiiwashe tena," alisema Moreen. "Maji na umeme vikikutana ndani, vinaharibu."

"Nimeshaiwasha sana. Hata kofi nimeipiga."

"Bado kuipeleka seli," alisema Alum.

Moreen alifungua simu, akatoa memori kadi, ndogo kama ukucha. Aliifuta taratibu, akaiacha mahali penye hewa hadi ikakauka kabisa. Kisha akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi.

Mama Adyero akatokea. Alikuwa amekaa mlangoni, anapepeta simsim. Odoch alivua kofia.

Flashi haikufunguka.

"Umebahatika, afande."

"Siyo bahati. Nilikuwa na nakala mbili."

"Mwizi akiiba sanduku, anakuachia ngapi?"

Odoch alifikiri. "Hakuna."

"Basi ulikuwa na moja tu."

Maneno hayo yalimchoma, lakini akavuta kiti, akakaa karibu na kompyuta.

Moreen alinakili picha zote kwanza. Hakufuta hata moja. Baada ya hapo ndipo alipozipanga katika folda. Kila folda aliipa mwaka, mwezi na tukio: "2014-12 Krismasi Kitgum".

"Simu inaipa picha namba tu," alisema. "Mjukuu atajuaje huyu ni nani? Taja majina, mimi niandike."

Odoch alitaja. Pale aliposahau, Alum alikumbuka. Picha zilizojirudia na zenye ukungu waliziondoa mwisho.

"Sasa weka nakala tatu," alisema Moreen. "Moja kwenye simu ya Mama Akwero. Ya pili kwenye diski. Ya tatu kwenye akaunti ya mtandaoni. Neno la siri mlijue wote wawili, mmoja asije akafa nalo. Na diski isikae hapa."

"Polisi hatuachi vitu nyuma," alisema Odoch.

"Ndiyo maana vyote vililowa."

Odoch akacheka kidogo. "Kale, sawa. Dada yangu Aciro anauza samaki Ggaba. Nitampa yeye."

"Itanuka mukene, vile vidagaa vyake," alisema Alum.

"Inuke, lakini iwe kavu," alisema Moreen. "Na mara kwa mara muifungue, muone kama picha bado zinafunguka. Diski nazo huzeeka."

Siku ya misa, picha ya Mama Adyero ilisimama mbele ya altare, na ungo wake mkononi. Odoch alitimiza yote. Kila alipokwenda Ggaba, aliifungua ile diski kabla ya kula samaki.

Mwaka uliofuata alihamishiwa Mbarara. Njiani sanduku lilianguka kutoka kwenye lori, lisionekane tena. Alum alizililia sufuria zake.

Akwero alimvuta baba yake mkono. "Baba, na Bibi alikuwa sandukuni?"

"Hapana," alisema Odoch. "Bibi yako yuko kwenye simu ya mama. Na mwingine yuko Ggaba, kwenye samaki."