Karatasi Kwenye Mlango wa Dobi

Kila siku, kabla ya saa moja asubuhi, pasi ya mkaa ilikuwa imeshapata moto katika duka la dobi. Watu wa mtaa walimwita Mkunjo, kwa sababu suruali aliyoipiga pasi ilinyooka mkunjo wake kama rula. Mkewe alipokea nguo na kuzitia alama kwa uzi mwekundu. Mkunjo alifua, akasuuza, akaanika. Maji waliyachota katika kisima kilichokuwa nyuma ya duka.

Wiki ile pasi haikuwashwa. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani, na serikali ilikuwa imetangaza hali ya dharura. Nyumba tatu zilizotumia kisima kile zilikuwa na wagonjwa. Siku ya Jumatatu alikuja afisa wa afya, ambaye watu wote walimwita Bwana Afya. Alichota maji ya kisima katika chupa ili yakapimwe. Kisha alifunga duka. Akabandika karatasi yenye muhuri, nusu juu ya mlango, nusu juu ya fremu.

"Mtasubiri majibu," alisema, akaenda zake.

Ndani mlibaki shuka arobaini za zahanati ya wazazi. Zilikuwa zimesuuzwa kwa maji ya kisima. Zilikuwa bado na unyevu, zikisubiri pasi.

Jumatano asubuhi simu ililia. Alikuwa Matroni, mwenye zahanati.

"Mkunjo, shuka zangu ziko wapi?"

"Matroni, duka limefungwa na serikali."

"Duka limefungwa, wajawazito hawajafungwa! Watoto wanazaliwa juu ya godoro tupu. Kesho saa nne shuka ziwe hapa. Usipozileta, tutaonana mahakamani."

Simu ikakatwa. Mkunjo alibaki ameishika mkononi.

"Baba Pacha, chakula kinapoa," mkewe alimwambia.

"Mimi nashtakiwa, wewe unaniambia chakula!"

Saa saba mchana barabara ilikuwa tupu. Hofu ya ugonjwa ilikuwa imewafungia watu ndani. Mkunjo aliteleka birika hadi likachemka. Dobi huijua gundi na huujua mvuke.

"Nitalainisha gundi, nibandue karatasi taratibu," alimnong'oneza mkewe. "Nikishatoa shuka nitaibandika tena kwa wanga. Hata aliyeibandika hatajua. Shuka zitakauka huko huko kwa Matroni."

"Na askari akipita?"

"Kwa jua hili? Askari naye ana kichwa."

Mkewe hakubishana. Alikimbia nyumba ya pili kumwita jirani yao, karani wa mahakama. Mtaa ulimpa jina la Mama Vifungu, maana hata watoto wakigombania mpira aliwatajia kifungu cha sheria.

Mama Vifungu alifika dukani akitweta. Mkunjo alikuwa ameelekeza mdomo wa birika mlangoni. Pembe moja ya karatasi ilikuwa imeshainuka.

"Shemeji," aliuliza, "hilo birika ni la chai au la jela?"

Mkunjo alishtuka. Maji ya moto yakamrukia mguuni.

"Usinitishe, shemeji! Kesho napelekwa mahakamani."

"Mahakamani ndiko kazini kwangu. Weka birika chini. Karatasi hii umeisoma?"

"Ni ya serikali. Ya kusoma nini?"

"Basi umeogopa muhuri, ukaacha maneno. Soma."

Mkunjo alisoma polepole. Karatasi ilitaja jina la duka, sababu ya kulifunga, na kifungu cha sheria kilichotumika. Ilisema amri ni ya siku saba. Chini palikuwa na jina la afisa, na ofisi ya kupelekea ombi au malalamiko.

"Lakini majibu ya maji hayajatoka," Mkunjo alisema. "Amenihukumu kabla ya ushahidi!"

"Hajakuhukumu. Wakati wa dharura sheria inamruhusu kufunga mahali panaposhukiwa. Tungengoja ushahidi kamili, tungekuwa tunazika."

"Kwa hiyo serikali inaweza kufanya lolote!"

"Siyo lolote. Ndiyo maana amri ina sababu, ina siku na ina jina la mtu. Afisa akitenda kwa nia njema na kwa uangalifu, sheria inamlinda. Akiharibu mali yako kwa uzembe, ofisi yake ina la kujibu."

"Na Matroni je?" mke wa Mkunjo aliuliza.

"Mpelekeeni nakala ya amri, pamoja na barua. Aliyechelewesha mzigo kwa kutii amri halali ana utetezi. Lakini kuvunja muhuri ni kosa, hata kama hakuna aliyeugua. Na mtoto mchanga akiugua kwa shuka hizo, shemeji, hakuna atakayeuliza Matroni alikufokea kiasi gani. Wataanza na wewe."

Mkunjo aliitazama pembe iliyoinuka.

"Nitairudisha kwa wanga..."

"Hutaigusa! Nenda kwa Bwana Afya leo, ukamwambie mwenyewe."

"Akinifunga?"

"Akigundua mwenyewe itakuwa mbaya zaidi. Twende, nitakusindikiza."

Ofisini Mkunjo alieleza yote. Bwana Afya aliandika kila neno.

"Mlango ulifunguliwa?"

"Haukufunguliwa, Bwana Afya."

"Hilo nitakuja kulihakikisha. Nikikuta umefunguliwa, nitakushtaki. Nikikuta haukufunguliwa, nitakupa onyo la maandishi."

Mkunjo aliacha pale barua ya kuomba shuka zitolewe kwa njia salama, akapewa nakala ya amri, ambayo mkewe alimpelekea Matroni pamoja na barua. Siku mbili hakulala usingizi wa kutosha.

Ijumaa Bwana Afya alikuja na mfanyakazi aliyebeba pampu ya dawa ya kuua vijidudu. Alichunguza muhuri. Haukuwa umekatika. Alimpa Mkunjo onyo, kisha akafungua duka mwenyewe. Mfanyakazi akaelekeza pampu kwenye kamba ya mashati ya rangi ya wateja wengine.

"Subiri!" Mkunjo alisema. "Dawa hiyo inakula rangi. Mashati haya yanaweza kuchemshwa. Ukinyunyiza, niandikie jina lako hapa."

Bwana Afya akacheka. "Nani amekufundisha?"

"Karatasi yako."

Mashati yalichemshwa. Orodha ya nguo zote iliandikwa, Mkunjo na Bwana Afya wakaitia saini. Kisima kilizungushiwa uzio, na amri ikaondolewa kabla ya siku saba kwa sharti duka litumie maji ya bomba.

Jioni Mkunjo alimpigia simu Matroni. Shuka zilikuwa zikitokota katika pipa.

"Barua yako niliipata," Matroni alisema kwa ukavu. "Nimeazima shuka hospitali kuu. Zangu zinakuja lini?"

"Kesho. Majibu ya maji yametoka, Matroni. Kisima kina kipindupindu."

Kwa mbali, ndani ya simu, mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Shuka zile zilisuuzwa kwa maji hayo?"

"Ndiyo, Matroni."

Matroni alishusha pumzi.

"Usiharakishe, Mkunjo," alisema. "Zichemshe mara mbili."