Nilikuwa Ndani ya Tishari, Wakasema Nimehama

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na tisa na ninaogopa kufunga mlango wa bafu. Msinicheke. Mtu mzima mwenye ndevu, naoga mlango ukiwa wazi, na dada yangu akiwa jikoni anaongea kwa sauti ili nijue yupo... Someni kwanza, kisha mnihukumu.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Shule niliiacha darasa la saba. Karo haikuwa sababu. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita nyuma ya darasa letu, na mimi nilitaka kujua inakoelekea. Ndivyo nilivyo. Nimefunga makontena bandarini Mombasa, nimechimba vito Kasigau, nimeuza miwani Namanga. Kila mahali niliondoka bila kuaga. Asubuhi watu waliamka wakakuta kitanda kitupu. "Huyo ameshahama," walisema, wakaendelea na chai yao.

Amerika nilikuja kwa ndoa. Mke wangu alikuwa na nyumba nzuri Woodbury, na ndoa ile... nayo niliihama. Ndipo dada yangu mkubwa, Wakesho, akanipa chumba cha chini nyumbani kwake Maple Grove. Yeye ni muuguzi katika hospitali moja mjini Minneapolis.

"Hapa utakaa mpaka lini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mpaka nitakapoondoka, Dada."

"Basi siku hiyo uniage. Mimi si mke wako wala si mwajiri wako. Mimi hunihami hivi hivi!"

Kanisani kwetu kila mtu ni muuguzi, au anatunza wazee, au anasomea mojawapo. Mtu mmoja tu alinukia dizeli. Aliitwa Shedi, Mkenya mwenzangu, mcheshi, mwimbaji wa kwaya. Baada ya ibada, tukiwa na vikombe vya chai mkononi, akaniambia anafanya kazi mtoni, kwenye boti zinazosukuma matishari, yale majahazi bapa ya chuma ya kubebea mizigo. Nikamuuliza, zinasukuma au zinavuta? Akacheka. "Zinasukuma, buda! Matishari yanatangulia mbele, boti iko nyuma kama mama anayesukuma kigari cha mtoto."

Ningewezaje kulala baada ya kusikia hivyo? Nilimsumbua Shedi mpaka akaniombea kazi. Nakiri kwamba nilimpenda kama ndugu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaza nyaya zinazofunga tishari kwa tishari, na kutembea katikati ya deki, kamwe si ukingoni. Alikuwa na tabia moja. Alipotembea juu ya matishari alibeba mtaimbo wake mfupi, na kila baada ya hatua chache aligonga chuma mara mbili. Ngo-ngo! Kama mtu anayepiga hodi. Aliniambia ni ya kumfukuza usingizi. Ikumbukeni tabia hiyo...

Boti yetu ilikuwa ndogo, ya kupanga matishari hapo Saint Paul ili boti kubwa ziyachukue kwenda kusini. Tulikuwa watatu: mimi, Shedi, na nahodha wetu Dale, mzee wa Kizungu asiyependa maneno. Shedi hakuwa salama kazini. Nahodha alikuwa amemkuta akiongea na simu wakati wa kazi, akamwambia akimkuta tena atamfukuza kazi.

Ilikuwa mwisho wa Novemba. Mto Mississippi ulikuwa karibu kufungwa na barafu, na kila tishari tupu lilitakiwa kuondoka haraka. Vipande vyembamba vya barafu vilikuwa vimeshaanza kushuka na maji, vikikwaruza vyuma mchana kutwa.

Asubuhi hiyo nahodha alitutuma tukapige pampu kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, ya tishari moja, kwani lilikuwa limeingia maji na boti kubwa ingelichukua siku hiyo hiyo. Pale mbele pana chumba cha chuma kilichofungika, hakina mzigo, hakina dirisha, kina hewa tu ya kulifanya tishari lielee. Unaingia kwa tundu juu ya deki, jembamba kama mdomo wa pipa, na kifuniko chake kinakazwa kwa boliti.

Tulipiga pampu, maji yakapungua, kisha yakakataa kupungua zaidi. Nikamulika ndani. Kule mwisho, nyuma ya mbavu za chuma, palikuwa na ufa unaotema maji.

Sasa sikilizeni sheria ya kazi ile. Mtu haingii ndani ya tundu kabla nahodha hajaambiwa na hewa haijapimwa. Na akishaingia, mwenzake husimama mdomoni pa tundu bila kufanya jambo lingine lolote. Asiondoke hata mvua ya mawe ikinyesha!

Shedi alitazama boti, akatazama tundu. "Tukimwambia mzee atatusimamisha nusu siku. Ingia, piga kabari, toka. Mimi niko hapa, siendi popote."

"Kweli, Shedi?"

"Wee! Unadhani nitakuacha uzae humo?"

Nikacheka. Nilitaka kuingia, msimlaumu yeye peke yake. Tangu nianze kazi ile nilikuwa na hamu ya kuona tumbo la tishari. Nikamwachia redio yangu kwa sababu ilikuwa inakwama kwenye tundu. Nikashuka na nyundo, kabari za mbao, spana mfukoni na taa ya kichwani.

Ndani palinuka kutu. Nilitambaa kati ya mbavu za chuma mpaka kwenye ufa, nikaanza kugongomea kabari. Juu pampu ilikuwa ikinguruma, sikusikia kitu kingine. Kabari ikashika. Nilifurahi kama mtoto!

Mara pampu ikanyamaza.

Nikasema moyoni, Shedi anataka kuniita. Nikageuka kutazama tundu. Mwanga wa duara uliokuwa pale... ukakatika. Bang! Papo hapo honi ya boti yetu ikalia, ndefu, na mimi nikawa napiga kelele ndani ya honi ile. Honi ilipokoma, nikasikia sauti ambayo bado naisikia nikifumba macho. Boliti zikikazwa. Kri... kri... kri... Halafu miguu ikikimbia.

Niliita, "Shedi! Shedi! Nimo ndani!" Sauti yangu ilizunguka ikanirudia usoni. Nikatambaa hadi chini ya kifuniko, nikasukuma kwa mikono, kwa mgongo, kwa kichwa. Nani anaweza kusukuma boliti kwa kichwa? Nikasikia injini ya boti yetu ikiondoka.

Mwanzoni nilijituliza. Nikajiambia, atagundua sasa hivi. Nahodha atauliza niko wapi na watarudi mbio. Nikakaa juu ya ubavu wa chuma, miguu ndani ya maji, nikingoja.

Hakuna aliyekuja.

Kumbe nahodha aliuliza kweli! Haya niliyasikia baadaye. Shedi alipokuwa mdomoni pa tundu alipigiwa simu kutoka nyumbani Kenya. Akasogea mbali na kelele za pampu ili asikie vizuri. Nahodha akamwita kwa redio arudi haraka, boti kubwa inakuja. Shedi akakimbia, akaniita mara moja tu pampu ikiwa bado inanguruma, hakusikia jibu, akadhani nimeshatoka. Akazima pampu, akafunga tundu kwa mazoea. Alipofika kwenye boti, sikuwepo. Nahodha akamuuliza, mwenzako yuko wapi?

Angesema tu, "Sijui." Neno moja! Lakini kusema hajui ni kusema aliondoka mdomoni pa tundu, na sababu ilikuwa simu. Basi akasema, "Ameacha kazi. Nimemwona akipanda ukingo kwenda barabarani. Huyo ndivyo alivyo, huondoka bila kuaga."

Na nahodha akaamini! Kwa nini asiamini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia hadithi zangu zote wakati wa chakula, Voi, Kasigau, Namanga, Woodbury, nikijisifu kwamba hakuna anayeniona nikiondoka. Uongo wa Shedi niliushona mimi mwenyewe. Yeye aliuvaa tu.

Ndani ya tishari, kabari ilikuwa inavuja. Kidogo, lakini inavuja. Maji yalitoka kwenye vifundo yakaja kwenye vigimbi. Sikuhisi tena vidole. Kichwa kilianza kuuma na nilikuwa napiga miayo mfululizo, na nilijua maana ya miayo ile. Chuma chenye kutu kinakula hewa. Shedi ndiye aliyenifundisha hilo.

Ghafla, kishindo! Tishari lote likatikisika. Boti kubwa ilikuwa imefika. Nikasikia minyororo, nyaya zikivutwa, chuma kikilia juu ya chuma. Wanalifunga! Wanataka kuondoka nami kwenda kusini! Nikachukua spana nikaanza kupiga ukuta kama kichaa. Lakini pale kila kitu kilikuwa kinapiga kelele. Barafu inagonga, nyaya zinagonga, nani angenisikia?

Kisha, juu ya kichwa changu, nikasikia hatua. Na katikati ya hatua...

Ngo-ngo!

Wasomaji, nililia kwa furaha. Ni Shedi! Nikapumua, nikashika spana kwa mikono miwili, nikapiga kwa utaratibu ili asikosee. Ngo-ngo!

Hatua zikasimama. Palepale juu yangu.

Nikapiga tena. Ngo-ngo! Nikaita jina lake. Nilisubiri boliti zianze kulia.

Kimya...

Halafu hatua ziliondoka. Hazikutembea. Zilikimbia, na mtaimbo haukugonga tena.

Hofu niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa mchezo. Mpaka dakika ile nilikuwa mtu aliyesahauliwa. Kuanzia pale nilikuwa mtu aliyesikiwa na kuachwa. Mnaijua tofauti yake? Naomba msiijue kamwe. Nilizima taa ili isiishe, nikaketi gizani, maji yakinifika magotini, tishari likaanza kusogea. Nilimwomba Mungu. Nilimwita mama yangu, ambaye ni marehemu. Na nilifikiri, hakuna atakayenitafuta. Wote watasema nimehama. Hata Dada Wakesho atashuka chumbani kwangu, atakuta kitanda kitupu, atasema, ndivyo alivyo...

Nilimkosea dada yangu kwa wazo hilo.

Nahodha Dale, kwa hasira, alimpigia simu, kwa kuwa jina lake ndilo nililotoa kwa mambo ya dharura. Alimkuta kazini hospitalini. Akamwambia ndugu yako ameacha kazi bila adabu, aje achukue vitu vyake. Dada akauliza, vitu gani? Nahodha akasema viatu vyake viko chini ya benchi, na koti, na chakula chake kwenye friji.

"Chakula gani?"

Mzee akafungua friji, akafunua chombo. Akasema ni mikate fulani bapa, na kitu cha kijani.

Hapo, nimesimuliwa, dada yangu alipiga ukelele mpaka wagonjwa wakageuka. Alimwambia nahodha, "Nisikilize, mzee! Huyo ndugu yangu anaweza kuacha kazi. Anaweza kuacha nyumba. Ameshamwacha hata mke, mimi ni shahidi. Lakini chapati zangu na ndengu hajawahi kuziacha nyuma tangu azaliwe! Na ameondoka bila viatu vyake wala koti katika baridi hii? Hajaondoka huyo. Mtafuteni!"

Nahodha akakata simu, akamgeukia Shedi. Shedi hakuinua uso. Mzee akaita boti kubwa kwa redio, simamisheni kila kitu.

Niliyoyasikia mimi ni injini kufa. Kisha nyundo, mbali, ikigonga tishari moja, kimya, likifuata lingine, kimya. Walikuwa wanagonga na kusikiliza. Mikono yangu ilikuwa haishiki spana tena. Nikaishika kwa viganja vyote viwili kama mtoto anavyoshika kikombe. Nyundo ilipofika juu yangu, nikagonga. Mara mbili.

Boliti zikalia. Mwanga ukaingia kama maji.

Shedi alifukuzwa. Baada ya wiki kadhaa alikuja Maple Grove na mkewe na mchungaji, wamebeba sukari, mkate na soda, kama desturi yetu ilivyo tukiomba radhi. Mchungaji alisali. Mke wa Shedi alilia. Wote walinitazama mimi. Nikasema nitasamehe, lakini nina swali moja.

"Ulipogonga mara mbili, nami nikakujibu mara mbili... ulinisikia?"

Aliinamia kikombe chake. "Nilidhani ni barafu, ndugu yangu."

Dada Wakesho akaweka birika chini. "Barafu ya wapi hiyo, Shedi, inayojua kuitikia hodi?"

Nilisema nimemsamehe, kwa mdomo. Moyo bado uko njiani.

Kazi ya mtoni niliiacha. Lakini kwanza nilikwenda mwenyewe mpaka Saint Paul, nikampa nahodha Dale mkono, nikamwambia, leo ninaondoka, kwaheri. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Yule mzee alinirudishia chombo cha chakula, amekiosha vizuri.

Ndugu zangu mlio ughaibuni na mlio nyumbani, nawasihi. Usiingie shimoni ikiwa aliye mdomoni anaogopa kufukuzwa kazi kuliko anavyoogopa kukupoteza. Na wewe mwenye miguu myepesi kama yangu, usijivunie kuondoka bila kuaga. Mtu asiyeaga hatafutwi. Pata angalau mtu mmoja duniani anayejua ni kitu gani huwezi kukiacha nyuma.

Sasa kila asubuhi namwambia dada yangu ninakokwenda na saa nitakayorudi. Ananitania kwamba nimekuwa mtoto wa shule. Nakubali. Lakini mtu akija kwetu akagonga mlango mara mbili, hata akiwa mleta vifurushi tu, mwili wangu unasimama kabla sijafikiri, na mdomo unaita peke yake:

"Nipo! Nipo! Nipo ndani!"